Gitaa la Shirika

Zipo bidhaa zilizodharauliwa zikiwa mpya zikaja kuheshimiwa zikiwa kuukuu, na magitaa ya umeme ya Kijapani ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yamo katika orodha hiyo. Aria Pro II, Greco, Tokai, Ibanez, Yamaha: majina haya leo yana wafuasi Ulaya, Marekani na Japani kwenyewe. Wafuasi hao hulipima gitaa kwa mizani, hulifungua mgongoni kuchungulia nyaya, husoma tarakimu za namba yake ili wajue mwaka lilipotengenezwa, kisha hubishana mpaka usiku wa manane kama shingo ni ya vipande vitatu au vitano. Mabishano yao mimi huyasikiliza kwa furaha iliyochanganyika na wivu. Furaha, kwa kuwa hatimaye haki imetendeka. Wivu, kwa kuwa miaka ile tulipokuwa tunayapiga sisi, hakuna aliyetuambia kwamba tumeshika kitu cha maana.

Nilikuwa mpiga rithim wa bendi ya shirika moja la umma Dar es Salaam. Enzi hizo bendi kubwa nyingi zilikuwa na mlezi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipoitwa JUWATA bendi nayo ikafuata jina. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ililelewa kwanza na shirika la usafiri na teksi, halafu mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Jeshi walikuwa na yao, Polisi na yao, Magereza na yao, Bima na yao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa: alisaini kitabu cha mahudhurio, akapokea mshahara mwisho wa mwezi, akakatwa kodi. Na vyombo vyote, kuanzia ngoma hadi kipaza sauti cha mwimbaji, vilikuwa mali ya mwajiri.

Kwa hiyo gitaa nililolipiga miaka yote ile halikuwa langu hata siku moja. Lilikuwa Aria Pro II la muundo wa PE, kahawia iliyokoza kingoni na kufifia kuelekea katikati, zito kiasi cha kuacha alama ya mkanda begani. Mgongoni mtunza stoo alikuwa ameliandika namba ya mali ya shirika kwa rangi nyeupe ya mafuta, kwa brashi ileile iliyoandika namba chini ya viti na ubavuni mwa makabati ya mafaili. Lilikuja pamoja na amplifaya na spika muda mfupi kabla ya vita vya Kagera, kabla fedha za kigeni hazijawa adimu. Baada ya hapo kuagiza gitaa jipya kukawa jambo la kuandikiwa barua, barua ikajibiwa kwa barua, na gitaa lisije.

Jioni ya dansi nilikwenda stoo, nikasaini leja, nikakabidhiwa. Alfajiri nikalirudisha, nikasaini tena. Mtunza stoo, mzee mmoja mpole aliyependa taarab kuliko dansi, alilikagua haraka, akahesabu funguo za kukazia nyuzi, akaliegemeza ukutani karibu na mashine za kuchapia zilizoharibika. Hakulichukia wala hakulipenda. Lilikuwa mstari mmoja katika kitabu chake.

Dharau hasa ilitoka kwetu wanamuziki. Mpiga solo wetu, kaka aliyetuzidi wote umri na ujuzi, aliwahi kumwona mwanamuziki wa Nairobi akipiga Fender, na tangu siku hiyo hakuna kingine kilichomridhisha. Gitaa lake mwenyewe pale bendini lilikuwa la Kijapani pia. Kila uzi ulipokatika, lawama ilikwenda Japani.

"Mdogo wangu, hizi ni kopi," alikuwa akiniambia tukiwa mazoezini. "Sauti yenyewe imebaki Marekani."

"Lakini kaka, mbona jana watu walicheza?"

"Walicheza kwa sababu yangu, siyo kwa sababu ya gitaa."

Hapo alikuwa na haki yake. Vidole vilikuwa vyake. Ila neno hilo la kopi, nikilitazama leo, naona lilikuwa na ukweli nusu. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Japani viliiga maumbo ya Fender na Gibson bila kuona haya. Kampuni ya Hoshino Gakki ya Nagoya, yenye jina la Ibanez, ilijulikana sana kwa hilo, na hata hilo jina lenyewe ililitoa kwa fundi Mhispania wa magitaa, Salvador Ibáñez. Mwaka 1977 kampuni ya Norlin, iliyokuwa ikimiliki Gibson, ilimpeleka mahakamani Philadelphia wakala wa Ibanez nchini Marekani, kampuni ya Elger. Kilicholalamikiwa kilikuwa umbo la kichwa cha gitaa, pale zinapofungiwa nyuzi. Ibanez walikuwa wameshaanza kulibadili umbo hilo, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Ndiyo kesi yote. Lakini wauzaji wa siku hizi hulipachika sifa ya kesi hiyo karibu kila gitaa la Kijapani la muongo ule, hata lililotoka kiwanda ambacho hakikushtakiwa, kwa sababu tuhuma za zamani zimegeuka kuwa matangazo.

Nusu nyingine ya ukweli ni kwamba kuiga kulikuwa shule, na wanafunzi walihitimu mapema kuliko tulivyodhani. PE niliyokuwa naisaini stoo haikuwa kopi ya kitu chochote. Ilichorwa na Mjapani, Nobuaki Hayashi, akaipa mwili wenye tumbo lililochongwa na shingo iliyoingia mwilini bila kile kisigino kinachozuia kiganja kupanda juu kwenye freti za mwisho. Mkono wangu uliujua wepesi huo miaka mingi kabla sijajua kwamba kuna mtu aliyekaa mezani akaufikiria.

Na yale majina tuliyokuwa tunayaota? Wakati tunayaota, kwao yalikuwa yanalalamikiwa. Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa shirika la utangazaji la CBS mwezi Januari mwaka 1965, kwa dola milioni 13. Kufikia miaka ya 1970 wapigaji walinung'unika kwamba magitaa yamekuwa mazito, rangi imepakwa nene, na shingo ya Stratocaster, iliyokuwa ikishikwa kwa skrubu nne, tangu 1971 inashikwa kwa tatu. Gibson nayo, ikiwa chini ya Norlin, ilishutumiwa kwa kugandisha mbao tabaka juu ya tabaka, kuunga shingo kwa vipande, na kuacha uvimbe nyuma ya kichwa. Kilio kilikuwa kimoja: wahasibu wamewashika mafundi mkono. CBS iliiachia Fender mwaka 1985. Gibson ikafunga kiwanda chake cha kale cha Kalamazoo mwaka 1984 na kuuzwa tena mwaka 1986. Kwa hiyo kaka yetu alikuwa analitamani jina katika miaka ambayo jina hilo lilikuwa taabani. Hata hayo magitaa mazito ya Kimarekani ya miaka ile, ambayo zamani yaliuzwa kwa bei ya kuona aibu, leo yamepata wapenzi wanaosema hayakuwa mabaya kama yalivyosemwa.

Nikifikiria kwa utulivu, naona yale yaliyowaudhi Wamarekani ndiyo yaliyotuokoa sisi. Rangi nene ya poliesta, inayosemwa kwamba huibana mbao isiimbe, haijali jasho wala unyevu wa pwani. Rangi nyembamba ya zamani, ile ya naitroselulosi inayosifiwa, hupasuka nyufa ndogondogo hali ya hewa ikibadilika ghafla, na hulika pale mkono unapogusa kila siku. Shingo ya vipande vilivyogandishwa haipindi upesi, maana kila kipande kina nyuzi zake za mbao na kimoja kikivuta huku kingine kinakataa. Ule uvimbe nyuma ya kichwa, unaochukiwa kwa ubaya wa sura, umewekwa mahali ambapo gitaa lenye kichwa kilichoinama huvunjika likianguka.

Letu lilianguka Songea. Tulikuwa katika ziara ya mikoani, juu ya lori la shirika, vyombo vimefungwa kwa kamba pamoja na jenereta na godoro la dereva. Barabara ya wakati ule ilikuwa inakurusha mpaka unagonga meno. Tulipofika, mtu alilisimamisha gitaa juu ya spika akaenda kutafuta chai, spika ikatetemeka, gitaa likaanguka kifudifudi sakafuni kwenye saruji. Sote tulinyamaza. Nililiokota, nikalipangusa, nikaangalia kichwa, nikaangalia shingo. Ilikuwa imekatika swichi tu. Usiku huo nilipiga kwa pikapu moja, na asubuhi fundi redio wa sokoni akalichomelea kwa risasi.

Zaidi ya hapo, uzito wenyewe ulikuwa na sababu. Miaka ile watengenezaji wengi waliamini kwamba mbao nzito na vyuma vizito hufanya sauti ikae muda mrefu baada ya uzi kupigwa. Yamaha walipotoa SG-2000 mwaka 1976, baada ya kusikiliza matakwa ya Carlos Santana, waliweka kipande kizito cha shaba ndani ya mwili, chini ya daraja la nyuzi. Mabega yetu yaliilipia imani hiyo, lakini masikio yetu yalifaidi. Kwa mpiga solo, noti inayokaa ni nusu ya kazi. Kwa mpiga rithim ni kinyume chake: unatakiwa noti ianze na ikome mahali pake, iwaachie nafasi wengine. Nilijifunza kuizima kwa ubavu wa kiganja, maana gitaa langu halikutaka kunyamaza lenyewe.

Dansi letu lilikuwa kazi ya magitaa manne. Besi inatembea chini. Rithim inashika katikati. Solo la pili linajibu. Solo la kwanza linasimulia. Mwanzo wa wimbo tulipiga taratibu, waimbaji wakimaliza beti zao za mapenzi au za kuonya walimwengu, halafu mpiga ngoma akabadilisha, na chemko likaanza. Hapo mwimbaji anabaki na maneno machache, na magitaa ndiyo yanayosema. Sikinde, Msondo, Kamanyola: kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake, lakini ukimtoa mpiga rithim wa yoyote kati yao, chemko linabaki kelele. Hatukuwa watu wa kutajwa sana na watangazaji. Walitajwa waimbaji, wakatajwa wapiga solo. Ndala Kasheba alijulikana nchi nzima kwa gitaa lake la nyuzi 12. Mpiga rithim alijulikana na mkewe.

Nyuzi mpya zilikuwa bidhaa ya mwenye ndugu baharia. Zilizochakaa tulizifungua, tukazichemsha kwenye sufuria ili mafuta na jasho vitoke, tukazianika, tukazifunga tena. Zilirudisha mlio wake kwa siku chache. Uzi mwembamba kuliko yote ukikatika na hakuna mwingine, mtu alichomoa unywele mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Ulikuwa mgumu, ulikata vidole, lakini ulifika kwenye noti. Kitufe cha sauti kilipopotea, tulifunga cha redio. Freti zilipolika, fundi wa Kariakoo alizisawazisha kwa tupa, huku akiniambia hadithi za wateja wake wasiolipa. Jeki ya waya ilipolegea, alitoboa tundu jipya kando ya la zamani. Hivyo ndivyo gitaa lilivyoendelea kuwa gitaa.

Mwanamuziki alipohamia bendi nyingine, na kuhama kulikuwa mchezo wa kila mwaka, alikwenda na vidole vyake tu. Muhidin Gurumo na Abel Balthazar walipotoka Mlimani Park mwaka 1985 kwenda International Orchestra Safari Sound, mashabiki waligombana vijiweni juu ya nani atabaki na mtindo, nani atachukua nyimbo. Sisi wapigaji tuliulizana jambo jingine: kule wana vyombo gani? Kwa maana vyombo ndivyo vilivyokuwa silaha ya mwenye bendi. Aliyekuwa na vyombo alikuwa na wanamuziki. Hata mpigaji hodari wa kutisha, asipokuwa na pa kuchomeka waya, alikuwa mtu wa kuazima gitaa ili afanye mazoezi.

Miaka yote hiyo sikujua gitaa langu limetoka wapi. Aliyenieleza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Uholanzi. Yeye ni mhasibu kwa kazi na mkusanyaji kwa mapenzi, na kati ya anavyokusanya ni magitaa ya Matsumoto. Ndiye aliyenifundisha kwamba Matsumoto ni mji wa milimani katika mkoa wa Nagano, na kwamba humo ndimo vilimokuwa viwanda viwili vilivyotengeneza sehemu kubwa ya magitaa mazuri ya zama zile. Kimoja ni FujiGen, kilichoanzishwa mwaka 1960 na bado kipo. Hicho ndicho kilichotengenezea Ibanez, na mwaka 1982 kikaanza kutengeneza magitaa ya Fender yenyewe, baada ya Wamarekani kuona kwamba heri kushirikiana na aliyekuiga vizuri kuliko kushindana naye. Kiwanda cha pili ni Matsumoku, alikozaliwa Aria wangu.

Habari ya Matsumoku ilinichekesha kisha ikaniumiza. Kabla ya magitaa ilikuwa karakana ya useremala, na kazi iliyoikuza ilikuwa kutengeneza makabati ya mbao ya cherehani za Singer. Sasa nani katika Afrika Mashariki asiyeijua Singer? Kila baraza la Kariakoo lilikuwa na fundi cherehani aliyeapa kwa jina hilo. Suti zetu za bendi, zile za suruali pana na kola ndefu, zilishonwa na Singer. Kaka yetu mpiga solo aliivaa kazi ya Singer kwa fahari, akapanda jukwaani kulalamikia kazi ya maseremala waliowahi kuifanyia Singer makabati. Naye Mbaraka Mwinshehe, aliyeiwakilisha Tanzania na Morogoro Jazz katika maonyesho ya Expo 70 mjini Osaka, alikwenda mpaka nchini kwao na kurudi kabla wengi wetu hatujaanza kuamini kwamba Mjapani anaweza kutengeneza gitaa.

Mwisho wa zama hizo ulikuja kwa njia ya fedha. Septemba 1985 mataifa makubwa ya kiuchumi yalikubaliana mjini New York kuishusha dola, yen ikapanda kwa kasi, na gitaa la Kijapani likaacha kuwa rahisi. Kazi ya magitaa ya bei nafuu ikahamia Korea. Matsumoku ikafunga mwaka 1987. Kilichobaki ndicho kilichobaki, na kitu ambacho hakitengenezwi tena hupanda bei hata kama hakijabadilika hata skrubu moja.

Huku kwetu nako fedha zilifanya kazi yake. Miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliwekwa kwenye orodha ya kuuzwa au kufilisiwa, na hakuna mfilisi anayeiona bendi kama rasilimali. Siku ya mwisho tulipewa barua zetu. Vyombo viliorodheshwa. Niliiona karatasi: aina ya mali, namba, hali. Kwenye hali ya gitaa langu paliandikwa neno moja, chakavu. Likaenda mnadani pamoja na feni, viti na zile mashine za kuchapia. Mshahara wangu wa miezi kadhaa ulikuwa haujalipwa, na bei iliyotangazwa siku ile ilikuwa ndogo, lakini ndogo na mfuko mtupu havikutani.

Mpwa wangu sasa analo la aina ileile, la mwaka 1979. Alinionyesha kwenye simu.

"Shikamoo mjomba. Hebu liangalie hili."

"Marahaba. Lisogeze. Geuza mgongo."

Aligeuza. Mgongo ulikuwa safi, unang'aa, hauna namba nyeupe. Akanieleza kwa furaha kwamba kila kitu ni cha asili: pikapu zake, vitufe vyake, hata risasi za kiwandani hazijaguswa. Alisema kuguswa kwa risasi hushusha bei. Freti zikisuguliwa hushusha bei. Tundu la ziada ndiyo balaa. Nikawa najihesabia kimoyomoyo yote tuliyolifanyia lile la kwetu. Kwa kanuni za soko lake, kila tulichofanya ili liendelee kuishi kilikuwa kinaliua.

"Unalipiga?" nikamwuliza.

"Kidogo, mjomba. Jumapili. Naogopa kulichosha."

Simlaumu, na wala simcheki. Amenipa nilichokosa: jina la aliyelichora, mji lilikozaliwa, sababu ya uzito ulionipinda bega. Watu wa aina yake wameyanusuru magitaa haya yasigeuzwe kuni, wamekusanya vitabu vya bei vya zamani, wamewapata wazee wa viwandani na kuwasikiliza. Shirika langu lilikuwa na gitaa hilo miaka yote bila kujua lina nini. Mwenye mali hakuwa na mapenzi nalo, na mwenye mapenzi hakuwa na mali. Mpwa wangu ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyeviweka viwili hivyo mkononi kwa pamoja, na ni haki yake kujivunia.

Kinachonisikitisha ni kwamba safari ya kutoka kudharauliwa hadi kupendwa imepita pembeni mwa muziki. Liliposhushwa thamani lilikuwa linafanya kazi kila usiku wa wikendi. Lilipopandishwa limeachishwa kazi. Karatasi ya mfilisi haikuwa na safu ya sauti. Orodha za wakusanyaji zina safu ya uzito, ya mbao, ya namba na ya vitufe, nazo pia hazina safu ya nyimbo lilizopiga. Mahali pekee ambapo safu hiyo ipo ni kanda za Redio Tanzania, ambako bendi nyingi za wakati ule zilirekodiwa, kwa kuwa hatukuwa na kiwanda chetu cha santuri. Kwenye kanda hizo kumeandikwa bendi, wimbo na mtunzi. Gitaa halikuandikwa, lakini linasikika.

Nilimtumia mpwa wangu wimbo mmoja wetu, nikamwambia asisikilize mwimbaji wala solo, asikilize upande wa kushoto wa katikati, pale panapokatakata. Aliusikiliza, akanipigia usiku uleule. Alitaka kujua ile sauti kavu nimeipataje kwenye gitaa lenye noti ndefu namna ile, maana lake halifanyi hivyo. Nikamweleza habari ya ubavu wa kiganja. Akasema atajaribu. Nikamwambia hatajua kwa kujaribu Jumapili moja. Inataka usiku mzima, na usiku mwingine baada ya huo, mpaka freti zianze kulika.

"Basi bei itashuka, mjomba."

"Ishuke."

Alicheka, akasema ataagiza nyuzi mpya. Nikamwomba aagize seti mbili. Kuna kijana jirani yangu anayepiga kanisani, ana gitaa la Kichina lisilo na jina la kueleweka, na wenzake wote wanamwambia atafute la maana. Nataka tulifunge nyuzi nzuri, tulisawazishe, nilisikilize likipiga ibada nzima tangu mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo niseme lolote juu yake.